Handaki Lililokufa Kila Baada ya Dakika 66

Keshia wa tawi la Same alikuwa na kaunta buku moja ambayo haikuwa ya fedha. Aliiweka chini ya meza, karibu na kikokotoo, na ndani yake aliandika saa tu. 3:36. 4:44. 5:52. 7:00. 8:08. Ukurasa mzima, kisha ukurasa mwingine, kwa wiki tatu.

“Hizo ni saa ninazozima kile kidude, kaka,” aliniambia, akinionyesha ruta iliyopigiliwa ukutani juu ya kabati. “Mfumo ukikata nakizima, nahesabu mpaka thelathini, nakiwasha. Unarudi. Baadaye unakata tena.”

Chama chenyewe ni SACCOS ya wakulima, makao makuu yako Moshi. Wanachama wengi wa tawi hili wanalima tangawizi kule juu milimani Upareni, na hushuka mjini asubuhi kwa gari linalorudi saa saba mchana. Siku niliyofika, mama mmoja alikuwa wa pili kwenye foleni, amekuja kuchukua ada ya mtoto. Saa saba kamili skrini ya keshia ikaganda. “Samahani mama, vumilia kidogo.” Mama akachungulia nje, gari lilikuwa limeshawashwa. Akafunga kibeti chake, akaondoka bila fedha.

Nilikaa na ile kaunta buku kwenye kiti cha wateja nikaanza kutoa. Kutoka 3:36 hadi 4:44 ni dakika 68. Kutoka 4:44 hadi 5:52, dakika 68. Kutoka 5:52 hadi 7:00, dakika 68. Ukiondoa dakika mbili za kuzima, kuhesabu, na kusubiri ruta iamke, zinabaki 66. Dakika 66 ni sekunde 3,960. Kwenye seva ya Moshi VPN, yaani handaki la siri linalounganisha tawi na makao makuu kupitia intaneti, iliendeshwa na programu ya strongSwan, na yeyote aliyewahi kuishika anaitambua namba hiyo akiwa mbali: ni saa moja, ukiongeza asilimia kumi. Usipoiambia vingine, strongSwan hubadili ufunguo wa data, ile siri inayofunga kila kinachopita handakini, inapofika saa moja, na hiyo asilimia kumi ndiyo muhula wa mwisho. Muhula ukiisha na ufunguo mpya haujapatikana, wa zamani unatupwa hata kama hakuna wa kushika nafasi yake.

Kwa hiyo kosa halikuwa la faiba, wala la umeme, wala la ruta ambayo ilikuwa imeshabadilishwa mara moja kwa gharama ya wanachama. Handaki lilikuwa linakufa kila lilipotakiwa kubadili ufunguo. Keshia alikuwa amefanya nusu ya kazi yangu kwa kalamu ya bluu, na kwa wiki tatu hakuna fundi aliyeomba kuiona kaunta buku ile.

Ninaposema VPN simaanishi ile programu ya simu ya kufungulia kurasa zilizofungwa, ambayo wengi wetu tuliisikia ikijadiliwa Oktoba 2023 TCRA ilipowataka wanaoitumia wajitambulishe. Naizungumzia VPN ya kazini. Ofisi mbili, kila moja na intaneti yake ya kawaida, zinaunganishwa kwa handaki linalopita humo humo kwenye intaneti ya watu wote. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayoingia handakini inafungwa kwa ufunguo upande huu na kufunguliwa upande wa pili. Anayeichungulia njiani haoni salio la mkulima wa tangawizi. Anaona vurugu ya herufi zisizo na maana.

Na ufunguo huo haupaswi kukaa. Ukihamia nyumba ya kupanga, jambo la kwanza utakaloambiwa na mzazi wako ni ubadili kitasa. Hakuna anayemtuhumu mpangaji aliyehama. Ni kwamba hujui amechonga funguo ngapi na alimwachia nani. Ufunguo wa handaki una shida hiyo hiyo, tena iliyo mbaya zaidi, kwa sababu mwizi wa data si lazima aingie leo. Anaweza kuzinasa pakiti zilivyo zimefungwa, akazihifadhi kwenye diski, akasubiri miaka. Siku akiupata ufunguo, kwa kuiba kifaa, kwa kumhonga mtu, au kwa kompyuta yenye nguvu kuliko za leo, atafungua kila kilichofungwa kwa ufunguo huo. Ukiwa unabadilisha kila saa, ufunguo mmoja ulioibwa unafungua saa moja. Usipobadilisha mwaka mzima, unafungua mwaka mzima wa mikopo, akiba na majina ya watu.

Sababu nyingine ni ya hesabu tupu, na hii watu wengi huiruka. Mwaka 2016 watafiti wawili wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa, Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent, walionyesha shambulio waliloliita Sweet32. Lililenga mbinu za zamani za kufunga data, kama Blowfish na 3DES, ambazo hukata data vipande vya biti 64. Wakati huo Blowfish ndiyo OpenVPN, programu nyingine ya VPN, ilitumia kama hukuiambia itumie nyingine. Walichokieleza kinafanana na jambo la darasani: wakusanye wanafunzi 23, na uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu, ingawa mwaka una siku 365. Vipande vilivyofungwa navyo ni hivyo hivyo. Ukishafunga vya kutosha kwa ufunguo mmoja, viwili vitafanana, na kufanana huko kunavujisha kitu kuhusu kilichomo ndani. Kwa vipande vya biti 64 hatari inakuwa kubwa ukikaribia gigabaiti 32.

Ichukue laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kama ile ya Same. Ikijaa kabisa inapitisha gigabaiti 4.5 kwa saa. Ufunguo unaobadilika kila saa haukaribii hata kidogo kile kikomo. Zima ubadilishaji, na kwa saa saba na nusu hivi umekifikia. Acha mwezi mzima na ufunguo mmoja utakuwa umebeba zaidi ya terabaiti tatu. Kwenye laini ya megabiti 100 hata saa moja ni ndefu mno, maana gigabaiti 32 zinapita ndani ya dakika 46. Ndiyo maana OpenVPN kuanzia toleo la 2.4 inabadili ufunguo kila baada ya megabaiti 64 ikigundua unatumia mbinu hizo za zamani, bila kujali saa inasemaje. Same tunatumia AES, mbinu mpya zaidi yenye vipande vya biti 128, na kikomo cha aina hiyo kiko mbali sana. Hata hivyo AES-GCM, namna moja ya kuitumia AES, ina sharti lake lisilosamehe: namba ya pakiti isirudiwe kamwe chini ya ufunguo mmoja. IPsec, aina ya VPN ambayo strongSwan huendesha, kwa kawaida huhesabu pakiti kwa biti 32, yaani 4,294,967,296, na hesabu ikikaribia kujaa lazima ufunguo mwingine uwe tayari.

Haya yote alikuwa anayajua, au alipaswa kuyajua, yule aliyetoa ushauri ambao ndio ulionifanya niandike. Kabla yangu palipita mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha ruta. Wa pili alisoma kumbukumbu za kifaa, akaona kosa linatokea wakati wa kubadili ufunguo, na hapo alistahili pongezi. Kisha akaingia kwenye ruta ya Same, akaupandisha muda wa ufunguo kutoka saa moja hadi saa 24. Hakikubadilika kitu. Alipoona hivyo akamwambia meneja kwamba dawa ni kuzima kabisa ubadilishaji wa ufunguo, pande zote mbili, “kwa sababu siku hizi usimbaji una nguvu, hauhitaji.” Meneja, mzee makini sana kwa vitabu vyake, alisita. Akasema atatafuta mtu wa tatu.

Nimesikia ushauri huo mara nyingi, na kila mara unaniumiza. Handaki likifa wakati wa kubadili ufunguo, kosa liko katika makubaliano ya pande mbili, na ubadilishaji ndio uliolifichua. Kuuzima ni kama kung'oa taa ya mafuta kwenye dashibodi ya basi ili iache kuwaka.

Kwa nini saa 24 hazikusaidia? Kwenye IKEv1, ile itifaki ya zamani ya kupatana funguo ya mwaka 1998, vifaa vilizungumzia muda wa ufunguo wakati wa kupatana. IKEv2, itifaki iliyoirithi na ndiyo iliyotumika hapa, iliachana na hilo. Kila upande unashika saa yake mwenyewe kimya kimya, na wenye muda mfupi ndio unaoanzisha. Same ilisema saa 24, Moshi ikaendelea na saa moja, kwa hiyo kila baada ya saa moja Moshi ilibisha hodi. Ukitaka kurefusha muda, nenda kwenye upande wenye muda mfupi. Fundi aligusa upande ambao haukuwa na neno la mwisho.

Sasa kosa lenyewe. Handaki lilianza vizuri, likafanya kazi saa nzima, kisha likashindwa kufanya jambo ambalo, kwa macho, lilikuwa limeshalifanya lilipoanza. Lilinichukua mchana wote mara ya kwanza nilipokutana nalo, miaka mingi iliyopita, kwenye kazi nyingine.

Vifaa viwili vya IKEv2 vikikutana, kwanza vinapatana ufunguo wa kulinda mazungumzo yenyewe. Vinatumia mbinu ambayo Whitfield Diffie na Martin Hellman waliichapisha mwaka 1976: watu wawili wanasemezana mbele ya kadamnasi, kila mtu anasikia, na bado mwisho wao wawili tu wana siri moja. Ndani ya mazungumzo hayo yaliyokwisha kufungwa, vifaa vinathibitishana, na papo hapo vinazaa ufunguo wa kwanza wa data. Kwa kuwa hesabu ya Diffie na Hellman imetoka kufanyika muda mfupi tu uliopita, hairudiwi. Ufunguo wa kwanza wa data unachongwa kutoka kwenye ile siri iliyopo.

Ubadilishaji unaofuata, baada ya saa moja, una njia mbili. Mnaweza kuchonga tena kutoka kwenye siri ile ile mama, au mkapiga hesabu upya kabisa ili ufunguo mpya usiwe na undugu wowote na wa zamani. Njia ya pili mafundi tunaiita PFS, na ndiyo ninayoitaka daima. Kwa njia ya kwanza, mtu akiipata ile siri mama anapata watoto wake wote, na kubadili kila saa kunakuwa kama kununua vitasa vipya ishirini na nne vinavyofunguka kwa ufunguo mmoja.

Seva ya Moshi iliwekwa PFS. Ruta ya Same haikuwekwa. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza, kwa sababu ufunguo wa kwanza hauhitaji. Handaki likasimama, fundi wa wakati huo akapiga picha ya taa ya kijani, akalipwa, akaondoka. Saa moja baadaye Moshi ikasema: tupige hesabu upya, kwa kundi la 14, moja ya seti za namba zilizopangwa kwa hesabu hiyo. Same ikajibu kwamba haina kitu kama hicho. Kwenye kumbukumbu za seva jibu hilo lilisomeka NO_PROPOSAL_CHOSEN, yaani katika mapendekezo yote hakuna lililokubalika. Moshi ikajaribu tena, na tena, mpaka dakika ya 66 muhula ukaisha, ikatupa ufunguo wa zamani.

Na hapa ndipo kilipokuwa kile kilichowachanganya wote. Mazungumzo ya IKE yenyewe hayakufa. Kilichokufa ni njia ya data tu. Taa ya VPN kwenye ruta ilibaki kijani huku keshia akitazama skrini iliyoganda. Hata Same ingeomba ufunguo mpya wa data ndani ya mazungumzo yale yale, ingekutana na kutoelewana kule kule. Ilibidi kuanza upya kabisa, tangu salamu ya kwanza, ili upatikane ufunguo mwingine “wa kwanza” usiohitaji hesabu. Yaani ilibidi mtu azime ruta, ahesabu mpaka thelathini, aiwashe.

Marekebisho yalikuwa ya dakika moja: niliwasha PFS kwenye ruta ya Same, nikachagua kundi la 14, lile la biti 2,048, lilingane na la Moshi. Ningependa kundi la nguvu zaidi, lakini ile ruta ina kichakataji kidogo, na mbele ya foleni ya watu sikutaka kujaribu mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikairudisha pia ile saa 24 hadi saa moja.

Kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha. Nawasihi mafundi wenzangu wanaosoma hapa: msikabidhi handaki kabla hamjaliona likibadili ufunguo kwa macho yenu. Handaki lililosimama linathibitisha salamu ya kwanza tu. Mimi hufanya hivi. Nawasha pingi isiyokoma, ujumbe mfupi wa kupima kama njia iko hai, kutoka tawini kwenda makao makuu. Kisha naiambia strongSwan ibadili ufunguo sasa hivi, amri ipo, naangalia kama kuna pingi inayopotea. Narudia, safari hii nikiushusha muda kwa makusudi hadi dakika tano, nasubiri mabadiliko matatu au manne yajitokeze yenyewe, bila mkono wangu. Baada ya hapo naurudisha muda wa kawaida na kusubiri saa nzima ipite. Siku ile Same nilisubiri nikila mahindi ya kuchoma nje ya ofisi, kompyuta mapajani. Ubadilishaji wa kwanza wa kawaida ulikuja dakika ya 57. Haikupotea pingi hata moja.

Dakika ya 57, si ya 60. Hilo nalo lina maana. strongSwan huwahisha kwa kiasi cha kubahatisha, hadi sekunde 360 kabla ya saa kutimia, ili pande mbili zenye mipangilio sawa zisigongane mlangoni kila mara. Kugongana kukitokea, RFC 7296, waraka rasmi wa IKEv2, imeeleza jinsi ya kuamua ufunguo upi ubaki na upi ufutwe, lakini si kila kifaa cha bei nafuu kinafuata sheria hiyo vizuri. Ukiona funguo mbili mbili zinarundikana kwenye orodha, shuku hapo.

Pingi haikupotea kwa sababu ubadilishaji uliofanywa vizuri hauukati wa zamani kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ufunguo mpya unazaliwa, pakiti zinahamia kwake, ndipo wa zamani unafutwa. OpenVPN ni mvumilivu zaidi hapa: ufunguo wa zamani unaruhusiwa kuishi hadi sekunde 3,600 tangu upatanisho mpya uanze, kwa ajili ya pakiti zilizochelewa njiani. Ila angalia, kwenye IKEv2 kuna jambo jingine linaloitwa kuthibitishana upya, ambalo watu hulichanganya na kubadili ufunguo. Hilo kwenye usanidi mwingi huvunja kila kitu na kuanza upya, na huleta ukimya wa sekunde kadhaa. Kama handaki lako linakatika kidogo kila baada ya saa tatu au nne badala ya moja, tazama upande huo.

Huwa naulizwa: basi niweke muda gani? Kama saa moja ni nzuri, dakika tano si bora zaidi? Kwa laini zetu, hapana. strongSwan ikituma ujumbe wa kubadili ufunguo na usijibiwe, huurudia mara tano, ikisubiri muda mrefu zaidi kila mara, na hukata tamaa baada ya sekunde 165 hivi. Sasa linganisha na muhula. Ukiweka saa moja, muhula ni sekunde 360, na ujumbe uliopotea una nafasi ya kurudiwa mpaka upite. Ukiweka dakika tano na kuiacha ile asilimia kumi ilivyo, muhula ni sekunde 30. Laini ikiyumba nusu dakika tu kwa wakati mbaya, handaki limekufa.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima tukahisi. Nilikuwa na mteja Dar es Salaam ambaye seva zake ziko Frankfurt, na mwezi mmoja kabla nilikuwa nimekubali ombi lake la kushusha muda hadi dakika tano “kwa usalama zaidi.” Pakiti zilikuwa zinapita, polepole na kwa kupotea potea, kiasi cha barua pepe kwenda. Handaki ndilo halikuvumilia. Kila lilipohitaji kubadili ufunguo lilikuta njia mbovu na muhula mfupi, likaanguka. Niliurudisha hadi saa moja usiku ule ule, likasimama, likachechemea nao wiki nzima. Tangu hapo najali muhula kuliko muda wenyewe. Mtu akitaka ufupi, sawa, tuongeze muhula kwa mkono, usipungue dakika nne.

Kwenye OpenVPN lawama huja kwa sura nyingine. Muda wake wa kawaida pia ni sekunde 3,600, mteja, yaani kompyuta ya mtumiaji, na seva kila mmoja ana wake, na mwenye mdogo ndiye anayeanza. Kwa mtumiaji wa nywila ya kawaida hakuna anachokiona. Tatizo linaanza kampuni inapoongeza tarakimu sita za simuni zinazobadilika kila nusu dakika. Saa moja ikitimia, programu inapeleka tena nywila na zile tarakimu za saa iliyopita, seva inazikataa, na mhasibu aliyekuwa katikati ya kazi anatupwa nje. Anapiga simu. Wa pili anapiga. Na mtu fulani anaweka reneg-sec 0 pande zote mbili, yaani ufunguo usibadilike kamwe, simu zinakoma, kila mtu anafurahi, na mhasibu anayeacha kompyuta wazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa anatumia ufunguo mmoja wiki nzima. Dawa ya haki ipo tangu toleo la 2.4: unawasha auth-gen-token kwenye seva. Mteja akishaingia kwa tarakimu zake, seva inampa tokeni ya muda, na kila ubadilishaji unaofuata unatumia tokeni hiyo. Ufunguo unabadilika kila saa, mhasibu haulizwi kitu. Kikomo cha tokeni unakipanga wewe. Mimi huweka saa kumi, urefu wa siku ya kazi.

WireGuard, programu mpya zaidi ya VPN, imeniondolea kazi hii karibu yote. Mwandishi wake, Jason Donenfeld, hakuweka mahali popote pa kupangia muda wa ufunguo, na programu ikaingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020 ikiwa hivyo hivyo. Data ikiwa inapita, inabadili kila baada ya sekunde 120, na ikifika 180 bila ufunguo mpya inakataa kupitisha chochote. Hakuna PFS ya kusahau kuwasha, hesabu mpya ipo daima. Fundi wa pili wa Same asingekuwa na pa kuweka sifuri.

Lakini nayo ina saa yake ya kukuangusha. Kila salamu ya WireGuard inabeba muhuri wa wakati, na seva inakataa muhuri ulio nyuma ya ule wa mwisho iliouona, ili mtu asirudishe salamu aliyoinasa jana. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaamka ikiamini ni siku ya miezi mingi iliyopita, inatuma salamu, inakataliwa kimya. Kama umeipanga ichukue saa sahihi kupitia handaki hilo hilo, imejifungia nje. Pita nje ya handaki kwa ajili ya saa, au nunua kifaa chenye betri. Nimeendesha gari hadi kijijini usiku kwa kosa hilo.

Niliporudi Same baada ya siku kumi, keshia alinipa ile kaunta buku. Ukurasa ule ulikuwa na tarehe pembeni, mstari kwa mstari, na hakuna saa hata moja. Alikuwa ameendelea kuandika tarehe kila asubuhi, tayari kwa kukatika. Mama wa ada alikuwa ameshapata fedha zake, gari la siku iliyofuata.

Ila nilikuwa nimerudi kwa jambo jingine. Nilipokuwa kwenye mipangilio ya Moshi niliona kwamba Moshi na Same zinathibitishana kwa neno moja la siri la pamoja, ambalo liliwekwa siku handaki lilipojengwa mwaka 2019. Mabadiliko yote ya kila saa niliyoyaeleza hayaligusi neno hilo. Funguo za data zinazaliwa na kufa mara ishirini na nne kwa siku, na mlangoni vifaa bado vinatambuana kwa neno lile lile ambalo mafundi wanne wanalijua, mmoja wao sijui hata anafanya kazi wapi sasa, na ambalo limeandikwa kwa mkono nyuma ya jalada la faili la ankara za intaneti. Nililionyesha kwa mzee meneja. Akalisoma, akageuza faili, akalisoma tena.

Tumepanga Jumamosi ijayo, baada ya kufunga. Nitakuwa Moshi kwenye seva, na keshia atabaki Same kuniingizia neno jipya kwenye ruta, kwa simu, herufi kwa herufi. Ameniuliza kama anunue kaunta buku nyingine. Nimemwambia hilo neno lisiandikwe popote pengine ila kwenye karatasi moja itakayowekwa kwenye bahasha ya kasha la fedha, na kwenye kaunta buku aandike tarehe tu, siku tuliyolibadilisha.